Kuuhukumu Udongo wa Kwale

Neno “dawa” ni miongoni mwa maneno yenye bahati katika lugha ya Kiswahili. Mgonjwa aliyelazwa katika hospitali ya Msambweni huitumainia dawa. Mwenye kuandamwa na hasidi huitafuta dawa kwa mganga. Na mkulima wa mchicha na biringanya anayeuza mazao yake Ukunda, wadudu wakimzidi, hupanda matatu kwenda kununua dawa. Wanaistilahi wamemletea mkulima huyu neno “viuatilifu”, nalo limeundwa kwa ustadi, lakini lingali darasani. Halijavuka barabara ya Lunga Lunga kuingia shambani. Kwa upande wa pili lipo neno “vijidudu”, ambalo halina bahati hata chembe. Mtoto hulisikia kwa mara ya kwanza anapoamrishwa kunawa mikono, kisha hulikuta tena katika somo la kipindupindu. Hivyo basi, kabla ya mtu kuinama na kuushika udongo, lugha imekwisha kumtolea hukumu: dawa ni njema, vijidudu ni waovu.

Mambo ya udongo yanakwenda kinyume na hukumu hiyo. Katika gramu moja ya udongo wa shamba, kiasi kisichojaza hata kijiko cha chai, huweza kuwamo bakteria wanaofikia bilioni 1, mbali na kuvu na viumbe wengine wasioonekana kwa jicho. Hao ndio wanaoyaozesha makuti, maganda ya muhogo na kinyesi cha mbuzi hata yakawa mboji. Hao ndio wanaoigeuza naitrojeni iliyofungika katika mabaki hayo ikawa chakula ambacho mzizi waweza kukinywa. Mkulima aking’oa mkunde na kuutazama mzizi wake huona vifundo vidogo. Akikipasua kifundo kilicho hai hukuta wekundu ndani yake. Humo wamo bakteria wanaoikamata naitrojeni ya hewani na kuugawia mmea, kazi ambayo hakuna duka la mbolea linaloiweza kwa bei hiyo. Pasipo viumbe hawa, mchanga wa Kwale ungebaki mchanga mtupu.

Basi dawa inaponyunyizwa juu ya majani, na sehemu yake ikadondoka chini, swali la haki ni hili: imewafanya nini walio chini? Ni swali jepesi kuulizwa, na wengi wamelijibu kwa haraka. Wapo wasemao kwamba dawa zote huua udongo. Wapo pia, hasa miongoni mwa wanaoziuza, wasemao kwamba udongo hauna neno, hujirudia wenyewe. Pande zote mbili hupenda kusema “utafiti umeonyesha”. Lakini viumbe hawa hupanda na kushuka mwaka mzima hata pale ambapo dawa haijawahi kufika, na asiyeijua miendo yao ya kawaida hana mizani ya kuipimia dawa.

Na afikiriwe msichana wa chuo kikuu ambaye kwao ni upande wa Msambweni. Amekwenda nyumbani mwezi wa Februari, akachota udongo katika shamba la babu yake, ambalo hunyunyizwa dawa kila msimu, akaupeleka maabarani. Idadi ya bakteria ikatoka chini mno, chini ya nusu ya ile aliyoisoma kitabuni. Akarudi na habari.

“Babu, dawa yako imeuua udongo.”

“Imeuua, mjukuu wangu?” mzee aliuliza pasipo kukasirika. “Na wa jirani yangu huyo, ambaye tangu azaliwe hajanunua dawa, umeuliwa na nani?”

Msichana hakuwa ameuchota udongo wa jirani.

Kisa hiki ni cha kubuni, ila kosa lililomo ndani yake ni la kweli na huwanasa hata wenye shahada. Swali la mzee limebeba nusu ya elimu inayohitajika. Hasara haijulikani kwa kukitazama kilichobaki peke yake. Hujulikana kwa kukilinganisha na kile ambacho kingekuwapo lau dawa isingalitiwa. Na hicho ambacho kingekuwapo hakikai mahali pamoja.

Nchi yenyewe ya Kwale ni ushahidi. Anayeondoka ufuoni Diani akaelekea magharibi, kabla safari haijawa ndefu, huwa amekwisha kuvuka udongo wa namna kadhaa. Chini ya minazi ya pwani mna mchanga na mawe ya matumbawe, yenye chokaa tele. Akipanda kidogo hukutana na mchanga mwekundu ambao wanajiolojia huuita mchanga wa Magarini. Ni katika vilima vya mchanga huo, huko Maumba na Nguluku, ndiko yalikochimbwa madini ya titaniamu tangu mwaka 2013 hadi mwisho wa mwaka 2024. Juu zaidi imesimama Milima ya Shimba kwa miamba yake ya mchanga mgumu, na akishateremka upande wa pili kuelekea Kinango, mvua huanza kumpa kisogo. Kila namna ya udongo ina watu wake. Bakteria wengi hupenda udongo usio na asidi nyingi, ilhali kuvu huvumilia asidi kwa wepesi zaidi. Mchanga mwepesi hushika maji na mboji kidogo, kwa hiyo hulisha wachache. Mtu akichukua udongo wa shamba lenye dawa kutoka mchanga mwekundu na kuulinganisha na udongo wa shamba lisilo na dawa kutoka kwenye matumbawe, atakuwa amepima jiolojia, kisha akaipa jina la kemikali.

Wala si lazima kwenda mbali hivyo. Katika shamba moja la ekari mbili, udongo ulio chini ya mkorosho haufanani na ulio wazi juani. Uliokaribia kichuguu haufanani na ulio mbali nacho. Palipokuwa zizi miaka kumi iliyopita bado pana neema yake. Hata kina cha mkono kina maana, kwani mboji huwa nyingi juu na hupungua kadiri ya kushuka, na viumbe hupungua pamoja nayo.

Kuna kishawishi kimoja ambacho ni cha Kwale hasa. Karibu na Diani upo msitu wa Kaya Kinondo, mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mtafiti aliyekuja kutafuta udongo ambao haujaonja dawa atasema: huu hapa, umekwisha kuhifadhiwa na wazee kwa karne nyingi. Wazee wa kaya wakimruhusu, ataukuta udongo mweusi wenye uhai wa kutosha, kisha ataulinganisha na shamba la mahindi lililo jirani na kutangaza kwamba dawa imemaliza kila kitu. Hapo atakuwa ameionea dawa. Msituni hapajapita jembe, majani huanguka mwaka mzima, na kivuli hakiondoki. Shambani pamelimwa, pamechomwa moto, pameanikwa juani, na mwisho kabisa ndipo palipotiwa dawa. Tofauti ya kaya na shamba ni deni la wadaiwa wanne, na jumla yake haisemi kila mmoja anadaiwa kiasi gani. Kaya humwonyesha mtu udongo wa mahali hapo ungeweza kuwa nini. Kuhusu dawa, shahidi bora ni lile shamba la jirani, linalolimwa vivyo hivyo, juu ya mchanga ule ule, na mtu ambaye pengine hakuwa na pesa za kununulia dawa.

Lililo kubwa kuliko yote ni majira. Pwani ya kusini hupata mvua kubwa kuanzia mwezi wa Machi au Aprili, mvua ambazo wenyeji wengi huziita za mwaka, kisha vuli baina ya Oktoba na Desemba. Baina ya vuli na mvua za mwaka hukaa kiangazi cha Januari na Februari, ambacho juu ya mchanga usio na kivuli hakina huruma. Viumbe wa udongo huishi ndani ya utando mwembamba wa maji unaozizunguka chembe za mchanga. Utando ukikauka, wengi hufa na wengine hujikunyata wakingoja. Msichana wa Msambweni alichota udongo wake katikati ya msiba huo.

Kinachofuata mvua ya kwanza kilielezwa hapa hapa Kenya. H. F. Birch alikuwa mtafiti Muguga, karibu na Nairobi, katika shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki. Katika makala yake ya mwaka 1958 alionyesha kwamba udongo uliokauka ukiloweshwa tena hutoa kabonidioksidi kwa wingi wa ghafla, na naitrojeni ya kulisha mimea hufunguka kwa wingi vilevile. Kisha kasi hiyo hupoa siku zinavyopita. Jambo hilo hujulikana hadi leo duniani kote kwa jina lake. Sehemu ya sababu ni ya kusikitisha kidogo: waliokufa kwa ukame huwa chakula cha walionusurika. Wakulima wa Afrika Mashariki walikuwa wakiila faida yake kabla haijapewa jina, kwani anayepanda kwa mvua ya kwanza huikuta ile naitrojeni, na anayechelewa huikuta imekwisha kuchukuliwa na maji.

Sasa msomaji aone hatari yake kwa mwenye kupima. Aliyechota kabla ya dawa mwezi wa Februari, akatia dawa mvua ilipoanza, akachota tena baada ya wiki moja, huenda akaona uhai wa udongo umepanda maradufu na kuandika kwamba dawa ile ni mbolea. Aliyeanza wakati wa mvua na kumaliza wakati wa kiangazi ataandika kwamba dawa ile ni janga. Wote wawili watakuwa na takwimu sahihi na vyeti vya maabara. Walichokipima ni mvua.

Mwaka 1983 wataalamu watatu waliokuwa Ujerumani, Domsch, Jagnow na Anderson, waliligeuza tatizo hili likawa kipimo. Walisema, kwa ufupi, kwamba ikiwa ukame, joto na misukosuko mingine ya kawaida hushusha viumbe wa udongo kwa nusu mara kwa mara, na wakati mwingine hata kwa asilimia 90, kisha udongo ukajirudia, basi kushuka peke yake hakutoshi kuwa kosa. La kuangaliwa ni muda wa kupona. Dawa ambayo athari yake huisha katika siku 30 walipendekeza ihesabiwe kuwa haina neno. Inayofikia siku 60 ivumiliwe. Inayozidi hapo ichukuliwe kuwa ya hatari. Ni wazo la busara, kwa kuwa linaipima dawa kwa mizani ya maumbile yenyewe badala ya kuipima kwa hofu.

Hata hivyo wazo hilo hilo limekuwa ngao nzuri kwa mwenye kuuza sumu. Husikika hoja ya namna hii: udongo hupoteza nusu ya viumbe wake kila kiangazi, kwa hiyo dawa inayoua theluthi moja ina kosa gani? Hoja hii ina nyufa. Kiangazi huua kisha huondoka, na mvua ikaja na chakula. Kemikali inayodumu haiondoki kwa kuwa mvua imekuja. Tena kiangazi na dawa hazipokezani zamu. Dawa huja juu ya kiangazi, na kiumbe aliyekwisha kudhoofishwa na ukame hulipa mara mbili. Isitoshe, hesabu ya jumla huficha mengi. Kazi ya kuozesha majani ina mafundi chungu nzima, akianguka huyu hushika yule. Lakini kazi ya kuigeuza amonia kuwa naitreti ina mafundi wachache, wanaozaana polepole na wasiovumilia kemikali nyingi. Hao wanaweza kutoweka na jumla ya bakteria isitikisike. Udongo utaonekana umejaa watu, ila mfua chuma wa kijiji hayupo.

Na hizo siku 60 zenyewe ni za nchi gani? Dawa iliyotiwa mwezi wa Mei pale Msambweni hupata siku 60 za unyevu. Iliyotiwa mwanzoni mwa Januari yaweza kukaa siku 60 katika mchanga mkavu, palipo na viumbe wachache wa kuivunja na wachache zaidi wa kuzaana upya. Kwa mujibu wa kalenda muda ni mmoja. Kwa mujibu wa bakteria, huo wa pili haujaanza kuhesabiwa. Kwa Kwale ingefaa kupona kuhesabiwe kwa misimu ya mvua, jambo ambalo mkulima hulielewa pasipo kufundishwa.

Vipimo vinavyotumika sana duniani katika kusajili viuatilifu vimekwenda njia ya maabara. Miongozo ya OECD nambari 216 na 217, iliyopitishwa mwaka 2000, huagiza udongo utiwe dawa na kuwekwa kwenye nyuzi 20 za selsiasi, kisha baada ya siku 28 ulinganishwe na usiotiwa dawa. Tofauti ikiwa chini ya asilimia 25, dawa huhesabiwa kuwa haina athari ya muda mrefu kwa kazi iliyopimwa, na ikizidi, kipimo huendelezwa hadi siku 100. Hakuna ubaya katika utaratibu huu. Kudhibiti joto na unyevu ndiyo njia ya kuinyamazisha mvua ili dawa isikike peke yake. Ila Diani, ambako wastani wa joto la hewa hukaribia nyuzi 26 na mchanga wa wazi wa saa saba mchana hauwezi kukanyagwa kwa miguu mitupu, si maabara ya nyuzi 20. Matokeo ya chupa ni mwanzo wa maarifa, na aliyekabidhiwa jukumu la kusajili dawa nchini Kenya, ambaye ni Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuangamiza Wadudu, hana budi kuyasoma akikumbuka jua la Pwani.

Anayetoka chupani kwenda shambani hukutana na hesabu isiyopendeza. Tuseme viganja vya udongo vya shamba moja hutofautiana kwa kawaida kwa kiasi cha asilimia 40 kuzunguka wastani wao. Anayetaka kuitambua tofauti ya asilimia 25 baina ya shamba lenye dawa na lisilo na dawa, kwa kiwango cha uhakika ambacho wanatakwimu hukikubali, atahitaji takriban mifuko 40 ya udongo kila upande. Akichukua mitano mitano, kama ilivyo desturi ya wenye fedha kidogo, dawa italazimika kuangamiza zaidi ya asilimia 70 ndipo aione kwa uhakika. Hapo ndipo sentensi “hapakuonekana tofauti” inapokuwa mtego mkubwa. Msomaji huisoma “hapana tofauti”, ilhali maana yake ni kwamba chandarua kilikuwa na matundu makubwa kuliko mbu. Wanafunzi wa lugha wangefanya kazi yenye manufaa kwa kuichunguza sentensi hiyo moja jinsi inavyotafsiriwa katika vipeperushi vya wakulima.

Mchango wa viumbe wenyewe haukomei katika kuteseka. Watafiti waliochunguza udongo wa mashamba ya miwa magharibi mwa Kenya, ambako dawa ya magugu iitwayo atrazini ilitumika miaka mingi, walikuta bakteria waliokwisha kujifunza kuila dawa hiyo, na mwaka 2009 wakatangaza aina mojawapo ya jenasi Arthrobacter. Katika udongo kama huo dawa hupotea upesi. Mwenye kuitetea atasema: tazama, udongo umejisafisha. Lakini udongo wenye walaji wa atrazini si udongo ule ule wa awali. Umekwisha kubadilishwa na dawa. Na uzoefu wa huko haufai kupelekwa mzima mzima hadi mashamba ya miwa ya Ramisi, ambako kiwanda cha zamani cha sukari kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na kilimo cha miwa kikafufuliwa baadaye. Bakteria wa magharibi hawakupanda lori kuja Pwani.

Mfano ulio karibu zaidi na Kwale kwa mchanga na kwa mti uko ng’ambo ya mpaka, kusini mwa Tanzania. Mikorosho ya Mtwara na Lindi ilipozidiwa na ugonjwa wa ubwiriunga, wakulima wakaanza katika miaka ya 1980 kuipulizia unga wa salfa, na korosho zikarudi. Salfa si miongoni mwa sumu zinazoogopewa, na anayeipima kwa siku 28 huenda asione cha kuandika. Lakini unga unaoanguka chini hupokewa na bakteria wa udongo, ambao huigeuza salfa kuwa asidi. Katika mchanga mwepesi wenye mboji haba asidi hiyo haina cha kuizuia. Watafiti waliopima mashamba hayo katika miaka ya 1990 waliikuta dalili yake: udongo chini ya mikorosho ulikuwa ukienda kwenye uchachu, mwaka hadi mwaka, kwa mwendo ambao mpando na mshuko wa majira ungeweza kuufunika kabisa machoni pa mtu aliyekuja mara moja tu.

Mikorosho ya Msambweni nayo huugua ubwiriunga, na sehemu kubwa yake imesimama juu ya mchanga wa namna hiyo. Anayetaka kujua leo salfa imeufanya nini udongo huo anahitaji kiganja kilichochotwa kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa, mahali pajulikanapo, katika mwezi uliandikwa. Kwa mashamba mengi kiganja hicho hakikuchotwa, na anayeanza sasa itambidi aanzie kwa jirani.